ALAMA ZISIBAKI NYUMBANI
Namna ya kutuma mchoro wa saketi ukafika mzima



Wapenzi wasomaji wetu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu, mwaka huu wahariri wametuomba sisi wa kundi la ufundi tuandike juu ya kazi zetu. Tunajua wengi mnangoja jambo moja tu. Tangu lilipotokea mmekuwa mkituuliza njiani, dukani na hata tunapotoka kuswali: ile betri mpya ya taa za madrasa, iliyonunuliwa kwa mchango wa wazazi hapa Kemambo, ilikufaje kabla ya kumaliza hata miezi mitatu? Tutajibu bila kuficha. Lakini jibu lake halianzii kwenye betri. Linaanzia kwenye faili la kompyuta, na ndiyo maana tunawaomba subira kidogo.

ALAMA NI NINI HASA?

Fundi anayetaka kutengeneza kifaa cha elektroniki hachori picha ya vipuri kama vinavyoonekana kwa macho. Huchora alama. Rezista ina alama yake, kapasita ina yake, diodi, transista na rilei vilevile. Mistari inayoziunganisha alama hizo ndiyo nyaya. Waliosoma vitabu vya Kimarekani huchora rezista kama meno ya msumeno, na waliosoma vya Ulaya huchora mstatili mdogo. Fundi mzoefu huzisoma zote mbili bila shida, kama vile msomaji mzoefu asivyosumbuliwa na mwandiko wa mtu mwingine.

Hapo zamani, mchoro ulipokuwa karatasi, habari iliishia hapo. Ukimpa mtu karatasi umempa kila kitu kilichomo. Siku hizi tunachora kwa kompyuta, na alama ya kwenye kompyuta ina kazi kubwa zaidi ya kuonekana. Ndani yake mna namba za miguu. Namba hizo ndizo zinazoiambia programu ni njia ipi ya shaba iende kwenye mguu upi wakati wa kutengeneza bodi.

Hebu chukueni transista ya BC547, ambayo haikosekani kwenye kopo la fundi redio yeyote. Ishikeni ubapa wake ukiwatazama na miguu ikielekea chini. Kuanzia kushoto mtakuta kolekta, besi, emita. Sasa chukueni 2N3904. Umbo ni lile lile, weusi ule ule, na kazi zao zinakaribiana. Lakini miguu yake kuanzia kushoto ni emita, besi, kolekta. Kwenye mchoro zote mbili zina alama moja: duara, mistari mitatu na mshale. Tofauti yao imejificha kwenye namba. Programu ya KiCad, ambayo ndiyo tunayoitumia sisi, iliwahi kuwa na alama sita za transista ya aina ya NPN zinazofanana kabisa kwa sura, zikitofautiana kwa mpangilio wa miguu tu. Msisahau jambo hili, tutalirudia.

KUAZIMA NA KUPACHIKA

Je, mchoro unapohifadhiwa kwenye faili, alama zenyewe hukaa wapi?

Kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kuazima. Faili la mchoro halibebi alama bali hubeba jina lake tu, yaani huandika: "hapa weka transista fulani kutoka maktaba fulani, mahali fulani pa karatasi." Maktaba ni faili jingine lililo kwenye kompyuta yako. Ukifungua mchoro, programu hukimbilia maktaba, huchukua alama na kuichora. Njia ya pili ni ya kupachika. Nakala ya kila alama iliyotumika huwekwa ndani ya faili lile lile la mchoro, na mchoro unapokwenda, alama zinakwenda nao.

Mfano tunao mikononi kila siku. Ndani ya msahafu mna alama za waqfu, herufi ndogo juu ya mistari zinazomwonyesha msomaji pa kusimama na pa kuendelea. Misahafu mingi ina kurasa za mwisho zinazoeleza kila alama maana yake. Mtu akichukua msahafu huo akasafiri nao mpaka Mugumu au Muscat, maelezo anayo. Lakini zikichanika kurasa zile za mwisho, aliyefundishwa atasoma, na asiyefundishwa atakisia. Faili la kuazima ni kama msahafu uliochanika kurasa hizo, na mwenyewe hajui kwamba zimechanika, kwa sababu yeye maelezo anayo kichwani.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kwenye kompyuta yako mchoro hufunguka vizuri siku zote, kwa kuwa maktaba unayo. Upungufu hauonekani mpaka faili lifike kwa mtu mwingine.

YALIYOTUPATA

Taa za darasa la baina ya Magharibi na Isha zinatumia sola na betri ya volti 12 ya risasi na asidi. Betri ya namna hii ikijaa na kutulia huonyesha volti 12.6 au 12.7 hivi. Ikifika 11.8 imekaribia kuwa tupu, na ukiendelea kuinyonya chini ya hapo, tena usiku baada ya usiku, sahani zake za ndani huharibika na haikubali tena kujaa. Betri yetu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo, kwa watoto kusahau kuzima taa.

Kijana mmoja wa kundi letu, akiwa kidato cha nne, akachora mlinzi wa betri. Ni saketi ndogo: LM393 inalinganisha volti za betri na kipimo kilichowekwa, transista ya BC547 inaendesha rilei, na diodi ya 1N4007 imekingama kwenye koili ya rilei. Volti zikishuka hadi 11.5 rilei inaachia na taa zinazimika zenyewe. Aliijaribu kwenye ubao wa matundu hapa hapa madrasani na ilifanya kazi, alhamdulillah. Tukachapa mchoro kwenye karatasi, tukaubandika ukutani. Kijana akamaliza shule, akaenda chuoni.

Baadaye tukataka bodi tatu nzuri za kudumu, moja ya madrasa na mbili za majumbani. Tukalinakili faili kwenye flashi, likapelekwa kwa fundi mmoja wa Mwanza anayetengeneza bodi. Mchoro ulikuwa umehifadhiwa kwa mtindo wa KiCad ya toleo la 5, lililotoka mwaka 2018, na toleo hilo lilikuwa la kuazima. Tena kijana wetu alikuwa mtu wa bidii, hakutumia alama za kawaida zinazokuja na programu. Alijichorea zake mwenyewe na kuziweka kwenye maktaba aliyoiita "vifaa_vyetu". Maktaba hiyo ilibaki kwenye kompyuta yake, na sisi tulinakili faili moja tu, lile la mchoro.

Fundi alipofungua aliona visanduku vyenye alama mbili za kuuliza ndani yake, na mistari ya nyaya ikielea. Hivyo ndivyo KiCad ya wakati ule ilivyosema kwamba alama haikupatikana. Akatupigia simu. Tukamwambia, kwa haraka zetu, "Hizo ni transista, chipu na rilei za kawaida tu, weka za kwako." Naye akaweka za kwake.

Chipu ilikuwa sawa. Rilei ilikuwa sawa. Transista aliyoichukua kutoka maktaba yake ilikuwa na mpangilio wa emita, besi, kolekta. Mchoro ukapendeza, alama za kuuliza zikatoweka, bodi zikatengenezwa zikaja. Sisi tukachomeka BC547, tukawasha, taa zikawaka, tukatakabaliana dua na kwenda nyumbani. Hatukujaribu kama zitazimika.

Hazikuzimika. Transista iliyogeuzwa kolekta na emita haifi papo hapo. Hufanya kazi kwa kuchechemea, na inapotakiwa kufunga huvujisha umeme kidogo. Rilei huhitaji nguvu nyingi kuvuta lakini nguvu ndogo sana kuendelea kushika, kwa hiyo mvujo ule mdogo ulitosha kuifanya isiachie. Betri mpya ikanyonywa usiku baada ya usiku mpaka ikafa kama mwenzake.

Tulipofungua kifaa tukakiunganisha na chaja ya kurekebisha volti, tukashusha taratibu: 12, 11.5, 11, 10. Rilei haikulegea. Ndipo mmoja wetu akasimama mbele ya ile karatasi ya ukutani na bodi mkononi, akafuatisha njia za shaba mguu kwa mguu. Dawa ilikuwa kung'oa transista na kuigeuza uso utazame nyuma, kwa kuwa mpangilio wa moja ni kinyume kamili cha mwingine. Kazi ya dakika mbili na pasi ya kulehemu. Betri haikurudi.

Lawama hatumtupii fundi. Alituuliza, tukamjibu vibaya. Na tumejifunza kwamba zile alama za kuuliza, tulizoziona ni usumbufu, ndizo zilizosema kweli. Mchoro uliofunguka kwa alama za mtu mwingine ndio uliotudanganya.

PROGRAMU ZINAFANYAJE

KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, na ni ya bure: mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake. Kwa mafundi wa huku kwetu hilo si jambo dogo, maana programu nyingine za kazi hii huuzwa kwa bei isiyosemeka. Katika toleo la 5, programu yenyewe ilikuwa ikitengeneza kando ya mchoro faili dogo ambalo jina lake huishia na "-cache.lib". Humo mlikuwa na nakala za alama zote zilizotumika. Laiti tungalinakili na hilo! Wengi hawakulijua, wengine walidhani ni takataka wakalifuta.

Toleo la 6, lililotoka Desemba 2021, liliondoa shida hii kwenye mzizi. Faili la mchoro sasa huishia na "kicad_sch", na alama zote hupachikwa ndani yake bila mchoraji kuombwa. Ukitaka kuhakikisha, lifungue faili kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi. Ni maandishi matupu, yanasomeka. Karibu na mwanzo utaona neno "lib_symbols", na chini yake alama moja moja, pamoja na mistari yake, miguu yake na namba zake. Sisi tulipoona mara ya kwanza tulikaa tukisoma kama barua.

Toleo la 9, la Februari 2025, limeongeza uwezo wa kupachika vitu vingine pia, kama vile mitindo ya herufi, karatasi za maelezo ya vipuri na maumbo yao ya pande tatu. Hivyo havijipachiki vyenyewe, mchoraji ndiye anayechagua.

Wenye kompyuta kuukuu wanaweza kukutana na programu nyingine ya bure, gEDA, ambayo sehemu yake ya kuchorea huitwa gschem. Humo uchaguzi ni wako. Kawaida yake ni kuazima, lakini kwenye menyu ya kuhariri mna amri ya kupachika na amri ya kupachua. Ukipachika, jina la alama ndani ya faili hutanguliwa na neno EMBEDDED, na umbo lake lote hufuata ndani ya mabano ya mraba. Tunaipenda kwa uwazi wake, ingawa kuchorea humo kunachosha vidole.

Kupachika kuna gharama, na tusiifiche. Faili linakuwa kubwa kidogo. La uzito zaidi ni kwamba nakala iliyopachikwa hubaki kama ilivyokuwa siku ile. Ukigundua kosa kwenye alama ukalisahihisha katika maktaba, michoro yako ya zamani haitajua. Kila mmoja utaendelea kubeba kosa lake mpaka uufungue na kuiamuru programu isasishe alama kutoka maktaba. Matoleo ya karibuni ya KiCad hukuonya wakati wa ukaguzi kwamba alama ya mchoro hailingani tena na ya maktaba. Onyo hilo lisomwe, lakini usibonyeze kukubali bila kutazama, kwa sababu huenda iliyo sahihi ni ile ya mchoro. Kwetu sisi ndivyo ilivyokuwa.

WENGINE HAPA TANZANIA

Msidhani haya ni ya watoto wa madrasa tu. Karakana iitwayo STICLab ya Dar es Salaam, pamoja na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza, wametengeneza bodi iitwayo Sangaboard. Kazi yake ni kuzungusha mota tatu ndogo za darubini ya OpenFlexure, aina ya mota zinazouzwa bei nafuu kwa jina la 28BYJ-48. Mota mbili husogeza kioo chenye damu huku na huku, na ya tatu hurekebisha picha isiwe na ukungu. Sehemu kubwa ya mwili wa darubini hiyo ni plastiki iliyochapwa kwa printa ya pande tatu, na kazi ya kuijaribu kwa vipimo vya malaria imeihusisha Taasisi ya Afya Ifakara. Maelezo ya darubini hiyo yalichapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 2020.

Michoro ya bodi hiyo imetolewa wazi ili anayeweza aitengeneze. Fikirini basi: mtu achore Dar es Salaam, mwingine afungue Bath, wa tatu atengeneze Kampala, na kila mmoja ana maktaba yake. Mguu mmoja ukibadilika nafasi kati yao, mota haizunguki, na mpima damu anakaa mbele ya kifaa kisichosogea. Kwetu ilikuwa taa. Hapo ni ugonjwa wa mtu.

TUNAVYOFANYA SASA

Mchoro wa zamani tuliufuata kwa mwenyewe chuoni. Bahati nzuri kompyuta yake ilikuwa hai na maktaba ya "vifaa_vyetu" haikufutwa. Akaufungua pale pale kwa toleo jipya, ambapo alama zilionekana, akauhifadhi upya, nazo zikapachikwa. Mpangilio huo ni wa lazima: kwanza fungua mahali zinapoonekana, kisha hifadhi. Ukiufungua kwenye kompyuta isiyo na maktaba na kuuhifadhi hapo, utakuwa umepachika alama za kuuliza.

Kabla ya kutuma chochote tunalihamishia faili kwenye ile kompyuta kuukuu ya ofisi ya madrasa, ambayo ina KiCad mpya lakini maktaba zake tumeziondoa makusudi. Likifunguka hapo, litafunguka hata pasipo na maktaba zetu. Tunapeleka pia karatasi ya mchoro katika PDF, ili anayepokea aone macho yetu yaliona nini, alinganishe. PDF peke yake haitoshi, maana hawezi kuihariri wala kutengenezea bodi. Mradi ukiwa na mafaili mengi, KiCad ina amri kwenye menyu ya faili ya kuufunga wote kuwa kifurushi kimoja cha zip. Na anayepokea mchoro wetu akitaka kuzitumia alama zake kwa kazi nyingine, matoleo ya karibuni yanaweza kuzitoa mchoroni na kuzifanya maktaba kwake.

Pia tumeandika kwenye mchoro, kando ya transista, jina kamili la BC547 na herufi K, B, E kwenye miguu. Programu haihitaji maandishi hayo. Fundi anayashukuru.

Betri ya tatu ilifungwa mwezi wa Shaaban, kwa fedha za kundi letu tulizopata kwa kutengeneza redio na chaja za simu. Mlinzi wake tulimjaribu mbele ya maalim na wazee wawili, tukashusha volti mpaka taa zikazimika gizani, na watoto wakapiga kelele kwa furaha. Faili la mchoro liko kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye folda ya ufundi. Anayelitaka kwa ajili ya nyumbani kwake aje na flashi Jumamosi baada ya Alasiri, tutamnakilia. Safari hii ni faili moja tu, na vyote vimo.

Wabillahi tawfiiq.

Kundi la Ufundi la Madrasa